Kurwa na Doto wa Shamba la Moiben

Sogeeni, wajukuu wangu. Leo nawapa hadithi ya pacha wawili waliozaliwa hapa hapa Uasin Gishu, upande wa Moiben, mchana mmoja wa mwezi wa Agosti mahindi yakiwa yametoa ndevu. Walizaliwa ndani ya jani moja, wakati mmoja, na walifanana kiasi kwamba hata mama yao asingejua nani ni nani. Kila mmoja alikuwa na atomu 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Jina lao la ukoo ni glukosi, sukari ile ile inayotembea ndani ya damu yenu hata sasa mnaponisikiliza. Mimi nitawaita Kurwa na Doto.

Kazi ya kuwazaa ilianzia kwa jua. Jani lilivuta hewa likachukua kabonidayoksaidi, ile gesi tunayoitoa tukipumua. Mizizi ikaleta maji. Nguvu za mwanga zikapasua maji yale: hidrojeni ikabaki ndani ya jani, oksijeni ikatoka nje tukaivuta sisi. Kisha jani likaunga kaboni ya hewani na hidrojeni ile, hatua kwa hatua, mpaka sukari ikapatikana. Shuleni mnaiita usanisinuru. Shikeni jambo moja hapo, maana tutalihitaji mbele: sehemu ya nguvu za jua iliwekwa akiba ndani ya Kurwa na Doto, na itatoka siku watakapokutana tena na oksijeni na kurudi kuwa kabonidayoksaidi na maji.

Pacha hawakukaa pamoja. Kila mmoja aliunganishwa na sukari nyingine iitwayo fruktosi, na mkiunga glukosi na fruktosi mnapata sukrosi, sukari yenyewe ya chai. Kwa umbo hilo wakasafiri katika mishipa ya mmea. Kurwa akaingia kwenye gunzi, ndani ya punje changa. Doto akashukia kwenye bua, akawekwa katika ukuta wa seli. Kufika Novemba, Kurwa alikuwa chakula cha watu, na Doto hakuna mtoto hata mmoja wa mji wetu wa Eldoret ambaye angeweza kumla akashiba. Kwa nini, na atomu zao ni zile zile?

Glukosi ikiwa majini hujikunja ikawa pete ya pembe 6. Kwenye pembe ya kaboni ya kwanza kuna kitawi kidogo cha oksijeni na hidrojeni. Kitawi hicho chaweza kuelekea chini, na wanakemia husema hiyo ni alfa. Chaweza pia kuelekea juu, na hiyo ni beta. Tofauti ni hiyo tu. Lakini hapo ndipo glukosi moja inapoungwa na nyingine, na upande wa kuungwa ndio unaoamua kila kitu kitakachofuata.

Fikirieni darasa zima limesimama uwanjani, limeshikana mikono katika mistari miwili. Mstari wa kwanza, wote wameelekea upande mmoja. Wakianza kutembea, mstari unajikunja wenyewe na kuzunguka, na katikati panabaki nafasi mtu anaweza kupita. Mstari wa pili, mmoja ameangalia mbele, jirani yake ameangalia nyuma, anayefuata mbele tena. Huo haujikunji. Unanyooka, na mistari mingi ya namna hiyo inaweza kusimama bega kwa bega ikabanana. Mstari wa kwanza ni wanga, wenye viungo vya alfa, aliko Kurwa. Wa pili ni selulosi, yenye viungo vya beta, aliko Doto. Wanga umelegea, maji yanaingia, vimeng'enya vinavyokata minyororo vinafika. Selulosi imekazana, kila mnyororo umeshikamana na mwenzake pembeni kwa mamia ya vifungo vidogo vya hidrojeni, na maji ya kawaida hayaoni pa kupenya.

Mfaransa Anselme Payen aliitenga selulosi kutoka kwenye mimea mwaka 1838. Mkitaka kuiona karibu na nyumbani, iangalieni pamba inayosokotwa na kufumwa hapa mjini kwenye kiwanda cha Rivatex: uzi wa pamba safi ni selulosi karibu tupu. Ubao mkavu nao, karibu nusu ya uzito wake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo shati la sare, dawati unalokalia na ugali uliokula mchana vyote vimejengwa kwa glukosi. Miaka yote niliyoishi sijapata jambo la sayansi linalonipa furaha zaidi ya hilo.

Tumfuate Kurwa kwanza.

Mahindi yalivunwa, yakaanikwa. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, ile yenye maghala makubwa hapa Eldoret, haipokei mahindi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5. Ukungu ni sababu moja, na ni sababu kubwa kwa sababu ukungu fulani huleta sumu ya aflatoksini. Lakini kuna na kemia ya Kurwa humo. Ili mnyororo wa wanga ukatwe, kila kiungo kinahitaji molekuli moja ya maji. Punje ikilowa huanza kuamka, hutengeneza vimeng'enya vyake na kuanza kuula wanga wake yenyewe ili ichipue. Punje ikiwa kavu, Kurwa hulala salama miezi na miezi.

Kabla hamjayapeleka mahindi posho mill, chukueni punje moja iliyolowekwa usiku, mfungue kwa kucha. Mtaona sehemu mbili. Ile nyeupe ya unga ni wanga. Ile ndogo ya rangi ya maziwa, iliyo upande wa ncha, ni kiini, yaani mmea mchanga. Anikeni kiini kikauke, kisha mkisage juu ya karatasi kwa mgongo wa kijiko. Kitaacha doa. Doa la maji hukauka, lakini hilo halitakauka. Ishikeni karatasi mbele ya dirisha mtaona mwanga unapita hapo. Hayo ni mafuta. Sehemu nyeupe haiachi doa namna hiyo, ila mkiidondoshea tone la iodini kutoka maabara ya shule inageuka buluu nyeusi, kwa sababu iodini inaingia katikati ya ule mzunguko wa wanga na kukaa humo.

Karibu theluthi moja ya kiini cha hindi ni mafuta, na ndiyo maana unga wa posho, uliosagwa na kiini chake, ukikaa wiki kadhaa huanza kunuka na kuwa mchungu. Mafuta yale yana sehemu dhaifu ambazo oksijeni ya hewani inaweza kuzishambulia. Nitawaonyesha tukifika kwa Doto. Unga wa pakiti uliokobolewa hukaa zaidi dukani kwa sababu kiini kimeondolewa. Kwa maoni yangu ule wa posho una thamani zaidi, ila usagiwe kidogo kidogo.

Sasa sufuria. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hiki maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 za Mombasa kando ya bahari. Githeri, ile ya mahindi na maharagwe, inalijua hilo vizuri, na mama zenu wanalijua kwa kuni zinazoisha. Ugali haudhuriki. Chembe za wanga wa mahindi huanza kunywa maji na kuvimba zikifika nyuzi 60 na kitu, na kabla ya 75 zimeshapasuka na kushikana. Pale mwiko unapoanza kuwa mzito mkononi, minyororo ya Kurwa inajifungua na kuvuta maji.

Mtaniuliza mimi bibi yenu: Kogo, kama ugali ni sukari, mbona si mtamu? Kwa sababu ulimi wetu unaonja sukari ndogo tu. Mnyororo wa glukosi maelfu haukai kwenye vionjio vyake. Lakini jaribuni hivi. Chukueni tonge la ugali mtupu, bila mboga, mlitafune polepole muda wa dakika mbili au zaidi bila kumeza. Mwanzoni hakuna ladha. Halafu utamu mwembamba unaanza kuja pembeni mwa ulimi. Mate yana kimeng'enya kiitwacho amilasi, na hicho kinakata viungo vya alfa. Mnachoonja ni vipande vya glukosi mbili mbili. Kazi hiyo inasimama tumboni kwenye asidi, inaanza tena kwenye utumbo mwembamba, na mwisho Kurwa anatoka peke yake, glukosi moja, na kuingia damuni.

Damu haimpi nafasi kubwa. Damu yote ya mtu mzima hubeba gramu 5 hivi za glukosi, kijiko kimoja cha chai. Inayozidi huwekwa. Ini na misuli huishona upya kuwa mnyororo wenye matawi mengi, glikojeni, ambao Claude Bernard aliutenga kwenye ini kule Ufaransa mwaka 1857. Matawi yale yana maana: kila ncha ni mahali pa kuvunia, na ncha zikiwa nyingi, glukosi nyingi hutoka kwa mara moja mwili ukiitaka.

Na hapa kwetu mwili unaitaka asubuhi na mapema. Tembeeni barabara ya Kaptagat kabla jua halijapanda, mtawaona makumi ya watu wakikimbia kwenye udongo mwekundu. Ni kwenye msitu wa huko Kaptagat alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge kabla ya kukimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019. Mwaka 2004 watafiti, Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta akiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji 10 bora wa Kikalenjin kwa muda wa siku 7. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye kabohaidreti. Ugali peke yake ulitoa asilimia 23 hivi, na sukari, nyingi yake ikiwa ya chai, asilimia 20 hivi. Mafuta yalikuwa asilimia 13 tu.

Hebu tupige hesabu. Kukimbia kilomita moja hugharimu karibu kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili. Mkimbiaji wa kilo 55 atahitaji kama 2,300 kumaliza marathoni. Glikojeni yake, ya misuli na ya ini, ni kama gramu 500, na kila gramu hutoa kilokalori 4. Hiyo ni 2,000. Mnaiona hatari? Akiba inakaribia kutosha lakini haitoshi, na upungufu unajitokeza baada ya kilomita ya 30, pale mnapoona kwenye televisheni mtu aliyekuwa anaongoza miguu inagoma. Ndiyo sababu kuna meza zenye chupa njiani. Waliotengeneza vinywaji vile mara nyingi huchanganya glukosi na fruktosi, kwa kuwa kila moja ina mlango wake kwenye ukuta wa utumbo, na milango miwili hupitisha sukari nyingi kuliko mmoja.

Kuna wanasayansi wawili wa Uswidi ambao nawapenda kwa sababu walijitolea miili yao wenyewe. Mwaka 1966 Jonas Bergström na Eric Hultman waliketi kwenye baiskeli moja ya mazoezi, kila mmoja kwa upande wake, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu mpaka ukachoka kabisa, mguu mwingine ukipumzika. Kisha wakatoboa misuli kwa sindano wakachukua kipande kidogo kupima glikojeni, wakala kabohaidreti kwa wingi, wakapima tena siku baada ya siku. Mguu uliochoshwa ulijaza glikojeni ukapita mguu uliopumzika, kama mara mbili yake. Msuli uliofanya kazi ndio unaojiwekea akiba kubwa.

Lakini mkimbiaji huyo huyo mwembamba ana kilo 4 hivi za mafuta mwilini. Kila gramu ya mafuta hutoa kilokalori 9, kwa hiyo amebeba 36,000, marathoni 15 na zaidi. Mbona miguu inagoma? Tumrudie Doto, maana jibu liko kwake.

Mavuno yalipokwisha, mabua yalikatwa yakapelekwa kwa ng'ombe. Ng'ombe naye hana kimeng'enya cha kukata viungo vya beta. Katika hilo hatuzidi. Alicho nacho ni tumbo la kwanza, kubwa, lenye joto na lisilo na hewa, lililojaa bakteria na viumbe wengine wadogo wasiohesabika, na hao ndio wanaojua kumkata Doto. Wanamtoa kwenye mnyororo, wanamvunja, na kwa kuwa hawana oksijeni hawawezi kumchoma mpaka mwisho. Wanabakiza asidi ndogo ndogo. Iliyo nyingi kuliko zote ni asidi asetiki, ile ya siki, yenye kaboni 2. Gesi ya methani nayo hutengenezwa, ng'ombe akaicheua nje.

Asidi asetiki hupenya ukuta wa tumbo, ikasafiri na damu mpaka kwenye kiwele, na huko ikaanza kuungwa mbili kwa mbili: kaboni 2, 4, 6, 8, mpaka 16. Hiyo ya 16 inaitwa asidi palmitiki, mojawapo ya asidi za mafuta zilizo nyingi kwenye siagi. Hesabuni nami. Doto alikuwa na kaboni 6; alipovunjwa, 2 zilipotea kwenye gesi na 4 zikabaki katika asidi asetiki mbili. Kwa hiyo glukosi 4 za bua zinaweza kutoa asidi palmitiki moja. Asidi za mafuta tatu zikishikwa na gliseroli, kitu kidogo chenye kaboni 3, mmepata tone la mafuta. Michel Chevreul wa Ufaransa aliuonyesha muundo huo, asidi na gliseroli, katika kitabu chake cha mwaka 1823.

Sasa linganisheni. Kurwa: kaboni 6, oksijeni 6. Asidi palmitiki: kaboni 16, hidrojeni 32, oksijeni 2 tu. Glukosi tayari imeshikana na oksijeni nyingi, ni sawa na kusema imeshaungua nusu njia. Mafuta bado yana safari yote mbele. Ndiyo maana gramu moja ya mafuta inatoa nguvu zaidi ya maradufu. Na ndiyo maana pia mafuta yanadai oksijeni zaidi. Kwa kila lita ya oksijeni unayovuta, sukari inakupa nguvu zaidi kidogo kuliko mafuta, kama asilimia 7, na inakupa upesi. Hapa Eldoret pumzi moja ina oksijeni pungufu kwa zaidi kidogo ya moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Mkimbiaji anayekwenda kasi, oksijeni ndiyo inayomkaba. Misuli yake inachagua sukari, na mafuta yake mengi yanangoja.

Mabango ya madarasani huandika chini ya picha ya ugali na ya siagi maneno yale yale, vyakula vya kutia nguvu, yakaishia hapo. Si uongo. Lakini mtoto aliyeambiwa hayo tu amenyimwa sehemu bora ya habari.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwili usiweke akiba yote kwa sukari, ikiwa sukari ni nyepesi kutumika. Uzito unakataa. Kila gramu ya glikojeni hulala na gramu 3 hivi za maji, mafuta yanakaa makavu. Kilo 4 za mafuta zikigeuzwa glikojeni ya nguvu hiyo hiyo ni kilo 9, pamoja na maji kilo 36. Mkimbiaji wetu wa kilo 55 angesimama kwenye mstari wa kuanzia akiwa na kilo 87.

Niliwaahidi ile sehemu dhaifu. Asidi palmitiki imejaa hidrojeni kila mahali. Mnyororo wake umenyooka, unapangika vizuri, na siagi huganda usiku wa baridi wa Eldoret. Mafuta ya kiini cha hindi mengi yake ni asidi linoleiki, kaboni 18, na mahali pawili kaboni zimeshikana kwa kiungo maradufu. Hapo mnyororo unakunjika, haupangiki, mafuta yanabaki maji. Jirani na viungo hivyo maradufu ndipo oksijeni inapoingilia, na huo ndio uchungu wa unga wa posho uliokaa.

Msidhani mafuta ni akiba tu. Kila seli yenu, ya ubongo, ya ngozi, imezungushiwa utando wa lipidi zenye mikia miwili inayokimbia maji na kichwa kinachopenda maji. Utando wenyewe una tabaka mbili, mikia ikiwa imefichwa katikati. Bila huo kusingekuwa na ndani wala nje ya seli.

Maziwa ya ng'ombe yule yana sukari yake pia, laktosi, glukosi moja na galaktosi moja. Tunapoyaweka kwenye sotet, kibuyu chetu, iliyosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, bakteria hula laktosi na kutoa asidi laktiki, protini inaganda, na mursik inapatikana, ile wanayopewa wanariadha wetu wakishuka uwanja wa ndege na medali. Watu wengi duniani hupoteza kimeng'enya cha laktosi wakishakua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba jamii nyingi za wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan zimehifadhi uwezo huo kwa mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Wazungu, yaliyotokea yenyewe huku kwetu katika miaka elfu kadhaa ya kuishi na ng'ombe.

Basi jioni mtoto wa Moiben anakula ugali na maziwa, na pacha wanakutana tena kwenye sahani moja, mmoja bado ni glukosi, mwingine amegeuka mafuta. Mwili utamtumia Kurwa kwanza, na Doto kama hahitajiki leo atawekwa chini ya ngozi. Akihitajika ataondoka kwa njia ambayo watu wengi hawaitarajii. Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu mwaka 2014: mtu akiunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni zikiwa kabonidayoksaidi, na kilo 1.6 zilizobaki hutoka zikiwa maji. Ili kuziunguza inabidi avute kilo 29 za oksijeni, kwa pumzi moja moja.